Jirani Ana Haki Yake: Uhakiki wa "Kina cha Kimkakati"

Mwaka 2001 Profesa Ahmet Davutoğlu wa Uturuki alitoa kitabu alichokiita *Stratejik Derinlik*, yaani "Kina cha Kimkakati". Ndugu msomaji, tunakizungumzia kwa sababu hoja zake hazikubaki kitabuni. Mwenyewe alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje kuanzia 2009, kisha Waziri Mkuu 2014 hadi 2016.

Tuanze kwa uadilifu. Amesema kweli kwamba Uturuki haikuzaliwa mwaka 1923 kama yatima asiye na jamaa. Ina mafungamano ya kale na Balkani, Kaukasi na nchi za Waarabu, na haikufaa kuyapa mgongo ikaitazama Ulaya peke yake. Hapo ndipo likatoka tamko la "kutokuwa na matatizo na majirani". Mwaka 2009 viza ziliondolewa baina ya Uturuki na Syria, na itifaki zikatiwa saini na Armenia.

Ama kasoro yake, kwa maoni yetu, ni kumhesabu jirani kuwa ni kina cha nguvu za mwenye nyumba, kabla ya kuuliza: huyo jirani ni nani, mtawala au raia? Mwaka 2011 Wasyria walipoinuka, suala hilo likadai jibu. Ankara ikaachana na Bashar al-Assad iliyemkumbatia jana yake. Mwaka 2013, baada ya kupinduliwa Muhammad Mursi, Misri ikamfukuza balozi wa Uturuki. Itifaki za Armenia nazo hazikuidhinishwa.

Watasema watetezi: Uturuki ilisimama na wanyonge, ikapokea Wasyria zaidi ya milioni 3. Naam, hilo ni jema lisilokanushika. Lakini ikiwa msingi ni wanyonge, mbona ilianza na watawala wao? Na ikiwa msingi ni maslahi, mbona yaliitwa undugu? Mwaka 2023 mabalozi walirudi Cairo na Ankara, na suala likabaki pale pale.

Wanazuoni wetu wa siyar, akiwemo Imamu Muhammad bin al-Hasan al-Shaybani, waliziweka ahadi na amani katika mlango wa haki na wajibu. Na Sura An-Nisaa, aya ya 36, imeamrisha wema kwa jirani wa karibu na wa mbali, bila kutuuliza anatuongezea nguvu kiasi gani. Dola inayoinuka ikisahau hayo, majirani zake watauhesabu ukarimu wake kuwa ni mtego.

Wallahu a'lam.