Vazi la Ngoma ya Tumbo na Hukumu ya Macho

Katika mashindano ya ngoma za kigeni yaliyofanywa na wanafunzi kwenye ukumbi mmoja mjini Bujumbura, tuliitwa kukaa meza ya waamuzi. Binti mmoja alicheza ngoma ya Kimisri iitwayo ngoma ya tumbo. Vazi lake, ambalo lilikuwa la kuazima, liling'aa kupita yote: sidiria iliyojaa puleki, mkanda mzito wa shanga, na sketi ya shifoni. Lakini kila alipotikisa nyonga mkanda uliteleza. Mkono mmoja ukacheza na wa pili ukashika mkanda. Tulimpunguzia alama na kuandika kwamba hana wepesi. Leo twakiri kuwa hukumu ile ilikuwa dhuluma. Lililokosa wepesi lilikuwa vazi, wala si binti.

Twaona kwamba kosa huanzia katika jina. "Ngoma ya tumbo" ni tafsiri ya jina lililoenezwa na Wafaransa katika karne ya 19. Waarabu wenyewe huiita raqs sharqi, yaani ngoma ya mashariki. Mwenye kuongozwa na jina la Wafaransa huanza kwa kuuliza tumbo lionekane kiasi gani, na hapo ndipo mabishano ya heshima yanapozuka. Ilhali ngoma hii makao yake ni nyonga. Nyonga ndizo zinazoijibu darbuka, na tumbo hufuata tu.

Historia yatuunga mkono. Mwingereza Edward Lane, katika kitabu chake cha mwaka 1836, aliwaeleza wachezaji wa Kimisri waitwao ghawazi kuwa walivaa nguo ndefu na suruali pana, mavazi yaliyofanana na ya wanawake wengine wa mjini majumbani mwao. Vazi la vipande viwili, sidiria na mkanda, lilipata nguvu baadaye katika kumbi za Kairo kama ule uliofunguliwa na Badia Masabni mwaka 1926, na katika filamu. Tena, miaka ya 1950 wakubwa wa Misri walipoagiza tumbo lifunikwe, wachezaji walivaa kitambaa cha wavu mwembamba na ngoma ikaendelea. Basi tumbo wazi si sharti la sanaa hii.

Wachezaji mashuhuri wanatufundisha zaidi. Samia Gamal, aliyependa kuzunguka jukwaani na mtandio mkononi, alihitaji sketi nyepesi yenye kupokea upepo. Tahia Carioca alicheza karibu mahali pamoja, kwa miondoko midogo yenye utulivu. Vazi la kumfaa ni lile lisilopiga kelele kuliko yeye. Fifi Abdou naye amesifiwa mno alipocheza katika galabia, kanzu ndefu ya kawaida, na kitambaa kilichofungwa nyongani. Hakuna vazi moja lililo bora kwa wote. Kila mmoja alipendeza kwa kuwa vazi lake lilikubaliana na mwendo wake.

Kwa hiyo yafaa mwenye kuchagua aanze na mkanda. Ukae juu ya nyonga, chini ya kiuno, nao ufungwe kwa kulabu imara, si kwa pini. Ndani uwe na bitana ya pamba, maana shanga huchubua ngozi na jasho huziozesha nyuzi. Mwenye nyonga nyembamba atasaidiwa na matamvua marefu, kwa kuwa hukuza mtikisiko mdogo ukaonekana hadi viti vya nyuma. Mwenye kiwiliwili kifupi atafadhiliwa na mkanda uliochongoka mbele, kwani ule mpana ulionyooka humkata katikati. Asiyependa tumbo lake litazamwe ana wavu, tena ana galabia, na hapungukiwi kitu. Mwisho, alivae vazi nyumbani, ainue mikono, ainame, azunguke, atikisike kwa nguvu zote. Likimlazimu kulishika hata mara moja, basi bado halijawa vazi la kuchezea.

Wenzetu wengine watasema kwamba haya ni mambo ya fundi cherehani, si ya mhakiki. Hatukubaliani nao. Mshairi akichagua neno kwa sababu lang'aa tu, twamwambia shairi lake limelemewa. Kwa nini tusimwambie hivyo mchezaji aliyelemewa na shanga? Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Tena kipimo chenyewe tunacho katika lugha yetu. Mwanamke wa pwani akienda ngomani hujifunga kibwebwe, kitambaa kikazwacho kiunoni ili acheze bila wasiwasi. Na kwa kibwebwe hicho Kiswahili kikapata njia ya kusema kwamba mtu amejitolea kazini kwa nguvu zake zote. Lugha haikumtaja mwenye nguo ing'aayo. Ilimtaja aliyejifunga barabara.

Binti yule hatukumwona tena jukwaani. Tukiitwa tena kuamua, kabla ya kuandika neno juu ya mchezaji tutautazama kwanza mkanda wake.