Maneno ya Kuungia na Mambo Yanayoungwa

Msomaji wangu, ukiingia katika darasa la Kidato cha Nne mjini Kitui au Wote wiki chache kabla ya mtihani wa taifa, huenda ukaona katika daftari lililochakaa pembe orodha ndefu ya maneno ya Kiingereza: "however", "moreover", "nevertheless", "furthermore", "consequently", na mengine ya ukoo huo. Wanafunzi huyakariri kama walivyokariri zamani jedwali la kuzidisha, kwa kuwa husemwa kwamba mwenye kuyatia kwa wingi katika insha yake atampendeza msahihishaji. Nataka tuipime orodha hiyo pamoja, kwani ina faida yake, na ina hasara ambayo haitajwi sana.

Faida ni dhahiri. Mtihani wa KCSE, ulioanza kufanywa mwaka 1989, una karatasi tatu za Kiingereza zenye jumla ya alama 200, na katika karatasi ya kwanza mna kifungu chenye mapengo kumi, kila pengo likidai neno moja. Baadhi ya mapengo hayo hayajazwi ila kwa neno la kuungia, na mtu asiyepata kulisikia neno "although" hawezi kulizua pale alipoketi. Alama kumi zaonekana chache. Lakini mlango wa shahada ya chuo kikuu ni daraja la C+, na alama chache zaweza kumweka mtu upande huu au upande ule wa mlango huo. Isitoshe, masomo mengine karibu yote huulizwa kwa Kiingereza. Mtoto aliyelelewa kwa Kikamba, akajifunza Kiswahili sokoni na shuleni, akikutana na neno "unless" katika swali la kemia asilielewe, amekwisha potea kabla hajaifikia kemia yenyewe. Kwa hiyo simlaumu mwalimu anayeiandika orodha ubaoni. Ninalouliza ni jinsi anavyoifundisha.

Tazama kifungu hiki. Nimekitunga mimi, na nimekitia Kiswahili ili tukione vizuri, lakini kimefanana sana na vile tunavyovisoma kila muhula: "Mvua ilichelewa Makueni. Zaidi ya hayo, baba alipanda ndengu. Hata hivyo, ndengu zilikauka. Kwa hivyo, mama alikwenda sokoni. Kwa upande mwingine, maembe yaliiva."

Ukikisoma upesi, chapendeza. Kina maneno manne ya kuungia katika sentensi tano, kila moja limetulia mwanzoni mwa sentensi na mkato umefuata mahali pake. Sasa kisome polepole. "Zaidi ya hayo" huongeza jambo juu ya jambo la namna yake. Je, baba kupanda ndengu ni nyongeza ya mvua kuchelewa? La. Baba alipanda juu ya kuwa mvua ilichelewa. Alishindana nayo, na neno lililotakiwa ni la kupinga. Kisha "hata hivyo": neno hili humwahidi msomaji kwamba atasikia asilolitarajia. Lakini ndengu kukauka mwaka ambao mvua imechelewa si ajabu kwa mtu yeyote aliyewahi kushika jembe Ukambani. Hapo ndipo palipostahili "kwa hivyo", ambalo mwandishi amekwenda kuliweka kwa mama. Na mama alikwenda sokoni kufanya nini? Kununua mahindi, au kuuza mbuzi? Pana hatua iliyorukwa, na neno limewekwa kuifunika, kama mkeka juu ya shimo.

Ajabu ni sentensi ya mwisho. Mwembe una mizizi inayokwenda chini sana, nao huweza kuzaa mwaka ambao mmea wa msimu mmoja umeshindwa. Hiyo ndiyo fikira bora katika kifungu kizima, nayo yahitaji neno la kulinganisha pande mbili. Mwandishi amelitumia neno lililofaa, lakini kwa kuwa maneno yake matatu ya kwanza yametudanganya, hatuliamini hili la nne. Lau angeandika, "Mvua ilichelewa, lakini baba alipanda ndengu, zikakauka. Mwembe, wenye mizizi mirefu, ukazaa," angetumia kiunganishi kimoja tu, na sisi tungeuona mwaka wote ule shambani.

Wataalamu wa Kiingereza wameliona jambo hili. Halliday na Hasan, katika kitabu chao *Cohesion in English* cha mwaka 1976, waliyagawa mahusiano yanayoonyeshwa na maneno haya mafungu manne: kuongeza, kupinga, kutaja sababu au matokeo, na kufuatana kwa wakati. Angalia kwamba waligawa mahusiano. Orodha ya darasani mara nyingi hugawa maneno bila kutaja uhusiano, au huyapanga "but", "however" na "nevertheless" safu moja kama mitungi ya ujazo mmoja. Mwaka 1990 William Crewe naye alionya kwamba mwanafunzi huweza kuyapachika maneno haya juu ya maandishi yake, yakaonekana yana mantiki ambayo ndani hayana. Onyo hilo halikuandikwa kwa ajili ya Kitui, lakini latufaa.

Kuna tatizo jingine ambalo vitabu vya ng'ambo haviwezi kutuambia, nalo ni desturi ya lugha zetu wenyewe. Kwa Kiswahili twasema, "Ingawa mvua ilinyesha, lakini mimea ilikauka," na mara chache mtu atatukosoa. Ukiipeleka sentensi hiyo katika Kiingereza pamoja na "although" na "but", umekosa, kwa maana Kiingereza hutosheka na moja. Tena twaweka tofauti mahali ambapo Kiingereza hakiweki. "Lakini" na "bali" kwetu si sawa: "bali" hutaka kanusho litangulie, kama tusemapo, "Hakuja kwa basi, bali kwa miguu." Kiingereza huvibeba vyote viwili kwa "but". Mkamba naye anayo "ĩndĩ" ya kupinga na "nũndũ" ya kutaja sababu, na alikuwa akiyatumia kwa usahihi kabla hajavaa sare ya shule. Hakuna mtoto wa miaka mitano Mwingi wala Mbooni anayemwambia mama yake, "Nina njaa, hata hivyo nipe chakula." Uhusiano anaujua tangu zamani. Anachokosa ni jina lake la Kiingereza, na sisi walimu twamfundisha kana kwamba hana hata uhusiano wenyewe.

Kiswahili kina njia nyingine tena, iliyo nzuri mno, ya kuungia mambo ndani ya kitenzi. "Akaamka, akachukua mtungi, akashuka mtoni, akakuta pakavu." Silabi moja, "-ka-", yafanya kazi ambayo mwanafunzi huifanya kwa Kiingereza kwa kuandika "and then" mara nne. Hapo msahihishaji huchoka, na mwanafunzi hajui kosa lake ni nini, kwani katika sikio lake hadithi ilikwenda sawasawa.

Kwa jambo hili nampendekeza mtu wa kwenu. John Mbiti, aliyezaliwa Mulago katika Kitui mwaka 1931, aliandika kwa Kikamba *Mutunga na Ngewa Yake*, kilichotoka mwaka 1954, kisha mwaka 1966 akatoa *Akamba Stories*, hadithi za wazee wetu kwa Kiingereza. Kisome kitabu hicho cha pili huku umeweka kalamu kando ya ukurasa, uone mtu aliyevuka kutoka lugha moja hadi nyingine alivyoyaunganisha matukio. Msimulizi aketiye motoni ana sauti, ana mkono, ana kimya. Anaponyamaza kidogo, wasikilizaji hujua kwamba jambo limegeuka. Karatasi haina kimya cha namna hiyo. Neno la kuungia limewekwa kushika nafasi ya sauti iliyopotea, na pale ambapo msimulizi asingebadili sauti, mwandishi naye hana haja ya neno.

Basi ukitaka kujizoeza, chukua insha yako ya juma lililopita na uyafunike maneno yote ya kuungia kwa kidole. Soma sentensi mbili mbili. Jiulize kwa Kikamba au kwa Kiswahili, lugha yoyote iliyo karibu na moyo wako, ya pili yaitendea nini ya kwanza: yaiongezea, yaipinga, yatokana nayo, au yaifuata tu? Ukipata jibu, ndipo urudi kwenye orodha kutafuta neno. Usipopata jibu, tatizo lako si la Kiingereza. Sentensi mbili hizo hazijuani, na hakuna neno litakalozioza. Makosa madogo yatajifundisha njiani: kwamba "despite" haifuatwi na "of", kwamba "on the other hand" yataka uwe umeonyesha mkono wa kwanza, kwamba "however" haiungi sentensi mbili kwa mkato tu.

Nimesikia ikisemwa kwamba yote haya ni anasa kwa mtoto anayetafuta alama. Chukua sentensi ambayo nimekwisha isoma mara nyingi katika insha juu ya wilaya zetu: "Kitui ni pakavu, kwa hivyo watu wake ni maskini." Mtoto wa Kitui huiandika mwenyewe, "therefore" ikiwa imekaa vizuri katikati, na hakuna anayemuuliza neno hilo lina haki gani ya kukaa pale. Tangu miaka ya 1990 mamia ya mabwawa ya mchanga yamejengwa katika vijito vya Kitui: ukuta hukatiza kijito, mchanga hujaa nyuma yake, na maji hukaa ndani ya mchanga ambako jua haliyafikii, hata watu huyachimbua miezi mingi baada ya mvua kukoma. Andika sentensi ile upya, ukijua hayo, uone ni neno gani sasa litakubali kuingia kati ya ukavu na umaskini.