Helsinki ilivyoachana na makaa ya mawe

Mwanzoni mwa Aprili 2025, Helen, kampuni ya nishati ya jiji la Helsinki, ilifunga mtambo wa makaa wa Salmisaari na kuacha kabisa kuchoma makaa ya mawe. Mtambo wa Hanasaari ulikuwa umefungwa miaka miwili kabla. Yote miwili ilifua umeme kwa mvuke, kisha joto lililobaki likapasha maji yanayosukumwa kwa mabomba chini ya ardhi hadi majumbani. Takriban majengo tisa kati ya kumi ya jiji hilo hupata joto kwa njia hiyo.

Ugumu ulikuwa hapo. Kuondoa makaa kulimfanya muuzaji wa umeme awe mnunuzi, kwa sababu pampu za joto zinazochukua nafasi yake hula umeme. Tangu 2006, pampu zilizo chini ya bustani ya Katri Vala zinavuna joto la majitaka yaliyokwisha kusafishwa, kabla hayajamwagwa baharini. Zinafanya kazi kama friji: zinanyonya joto kwenye maji ya vuguvugu tu, zinakandamiza gesi, na joto linapanda hadi kufaa kwa mtandao wa mabomba. Kwa kila kipimo kimoja cha umeme hupatikana vipimo vitatu hivi vya joto. Ni joto ambalo jiji lilikwisha kulilipia, likalioshea vyombo na kulimwaga.

Lakini umeme una saa zake. Upepo ukivuma sana bei hushuka, na hapo boila za umeme huwashwa. Joto la ziada huhifadhiwa Mustikkamaa, katika mapango ya mwambani yaliyowahi kutunza mafuta mazito na sasa yana mita za ujazo 260,000 za maji. Kwangu mimi, ghala hili ndilo lililoupa mpango mzima uti wa mgongo.

Upande dhaifu ni Vuosaari, kunakochomwa vipande vya miti. Kisheria hiyo ni nishati jadidifu, ila mti huungua kwa dakika na mwingine huchukua miongo kukua. Helen inakusudia kuacha uchomaji wa aina yoyote ifikapo 2040. Kikwazo ni baridi kali isiyo na upepo: ghala la Mustikkamaa hubeba gigawati-saa 11.6, na likitolewa kwa megawati 120 mfululizo, huisha kwa siku nne.