Anayetajwa Yuko Wapi? Mwongozo wa Kupima Habari za Nakivale

Kutoka stendi ya Mbarara hadi Base Camp ya Nakivale, makazi ya wakimbizi kusini magharibi mwa Uganda, ni kilomita 50 hivi, na sehemu kubwa unapita katikati ya migomba ya wilaya ya Isingiro. Kwa gari ni safari fupi. Habari ndizo zinazochelewa. Mbarara inasikiliza Radio West na stesheni nyingine za mji kwa Kinyankore. Ndani ya makazi kuna Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na Waethiopia, na kila kundi lina sikio lake: hawa BBC Swahili, wale Radio Okapi ya Kongo kupitia simu, wengine audio za WhatsApp zinazotoka moja kwa moja Bujumbura au Mogadishu. Mwenye shamba la Isingiro anaweza kusikia mjadala wa wiki nzima juu ya wakimbizi na ardhi, na mkimbizi anayelima ng'ambo ya kilima asijue kwamba ametajwa. Upande wa pili nao ni hivyo hivyo: grupu la Nakivale linamsema mwenyeji usiku kucha, na mwenyeji hayumo.

Semina zinatufundisha kuikagua habari kwa maswali ya kawaida: nani, nini, lini, wapi. Siyakatai, ila mwongo mzoefu huyajibu yote bila kutoka jasho. Swali ninaloanza nalo mimi ni jingine: huyu anayetajwa angeweza kuisikia habari hii, na akiisikia, ana mahali pa kuijibu? Fundi cherehani wa soko la Base Camp akipewa gauni alilolishona mwenzake hasifii kitenge; analigeuza ndani nje aone mshono. Swali hilo ndilo linaloigeuza habari.

Tuanze na audio, maana ndiyo inayofika kwanza. Kwenye kibanda cha kuchajia simu utaisikia ikichezwa kwa sauti kubwa, na kila mtu ananyamaza. Za aina hii hufanana: "Ndugu zangu, nawaletea habari njema. Kanada imefungua tena. Tuma jina lako, namba ya attestation ya familia, na elfu ishirini ya fomu. Mwisho ni kesho. Usiwe mchoyo, itume kwenye magrupu." Sauti huwa nzuri, ya taratibu, ya mtu aliyezoea kuongoza ibada. Ufundi wa mwizi uko hapo hapo kwenye sauti, kwa hiyo usiisifu mapema.

Isikilize mara ya pili ukitafuta kinachokosekana. Hakuna jina. Hakuna tarehe, kuna "kesho", na audio ikishasafiri wiki tatu kesho yake bado ni kesho. Kuna pesa, wakati Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, limesema miaka na miaka kwamba kupelekwa nchi ya tatu hakulipiwi, na kwamba kwa kawaida shirika lenyewe ndilo linalochagua kesi. Mkimbizi hajazi fomu ya kuomba. Tazama pia alama ya mishale miwili inayoonyesha kwamba ujumbe umeshapita mikono mingi: tangu Aprili 2020 WhatsApp huzuia ujumbe wa namna hiyo usitumwe kwa zaidi ya mtu au grupu moja kwa mara moja. Alama hiyo haisemi kwamba ujumbe ni uongo. Inasema tu kwamba aliyekutumia siye aliyeutunga, na pengine naye hamjui aliyeutunga.

Siku moja mama mmoja mtu mzima aliikata audio ya namna hii katikati. Alimwambia kijana mwenye simu, "Mwanangu, huyu akiwa ametudanganya, tutamkuta wapi?" Kijana hakuwa na jibu. Audio ilikuwa imeshapimwa. Januari 20, 2025, Rais Trump aliposaini amri ya kusimamisha mpango wa Marekani wa kupokea wakimbizi, kesi za watu walioshafanyiwa mahojiano na vipimo vya afya ziligota. Matapeli wanaipenda sana hali kama hiyo, kwa hiyo swali la huyo mama lina kazi nyingi bado.

Sauti nzuri, nilisema, isikupumbaze, na katika Nakivale wapo wazee wasiohitaji kuelezwa hilo. Redio RTLM ya Kigali ilianza kurusha matangazo Julai 1993. Mbele ya Radio Rwanda, iliyokuwa na ukakasi wa ofisi, ilikuwa redio changamfu: muziki wa kisasa, utani, watangazaji wanaoongea kama vijana wa baa. Kwa ufundi wa utangazaji tu, ilikuwa juu. Na ilijaa maelezo. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, ilitaja watu kwa majina, mitaa wanayokaa, hata namba za magari yao. Mkaguzi wa haraka angesema hii ni habari iliyofanyiwa kazi, kwa kuwa tumezoea kudhani kwamba undani ni dalili ya ukweli. Uliza undani huo ni wa nini. Anwani ya mtu ikitajwa ili msikilizaji aweze kuhakikisha, ni kitu kimoja. Ikitajwa ili apate kufikiwa na panga, ni kitu kingine. Waliotajwa walikuwa wakisikia, redio zao ziko mezani, lakini hawakuwa na mahali pa kujibu. Mahakama ya kimataifa kule Arusha ilitoa hukumu ya kesi ya vyombo vya habari Desemba 3, 2003, ikiwatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza wa RTLM, pamoja na Hassan Ngeze wa gazeti la Kangura. Kijana wa Nakivale anayeona kupima habari ni mambo ya wasomi amuulize jirani yake Mnyarwanda mwenye umri.

Picha sitaikalia muda mrefu. Nakivale ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Watutsi waliokimbia Rwanda, na watu wake wamejenga: tofali za udongo, mabati, miti ya parachichi uani. Ukioneshwa mahema meupe yaliyopangwa mistari mpaka upeo wa macho na maandishi ya chini yanasema Nakivale, shuku. Labda ni sehemu ya kupokelea wageni wapya, labda si Uganda kabisa. Ukioneshwa seng'enge kuzunguka makazi, shuku zaidi. Na kwa video za vita usijifanye mtaalamu. Waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, Novemba 2012 na tena Januari 2025, kwa hiyo video ya kwanza inaweza kuvalishwa tarehe ya pili bila taabu. Mpelekee mtu aliyekulia Birere, mtaa wa Goma. Atakuambia ukuta ule ulishabomolewa, au kwamba barabara ile haiko Goma. Hakuna programu ya kompyuta inayomshinda.

Kuna sehemu moja ya ufundi huu ambapo sisi wasemaji wa Kiswahili tuna nafasi nzuri kuliko msikilizaji wa London, na tunaitumia kidogo mno: tafsiri. Taarifa za redio za kimataifa zina mtindo wao. Sauti ya mhusika inaanza peke yake sekunde mbili tatu, kisha inashushwa, na sauti ya Kiingereza au Kifaransa inapanda juu yake. Ongeza sauti, usikilize chini. Tuseme mama wa New Congo, kijiji cha humo Nakivale, anasema: "Tunashukuru, lakini shamba yenye walinipatia iko na mawe mingi, na mwenye ng'ombe anasema ni yake." Juu yake mtafsiri anasema kwamba anaishukuru Uganda kwa kumpa ardhi. Hakuna uongo hapo. Mama ameshukuru kweli, ardhi amepewa kweli. Kilichoachwa ni "lakini", na habari yote ya mama ilikuwa baada ya "lakini".

Usimrukie mwandishi haraka. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inampa mkimbizi ruhusa ya kufanya kazi na kutembea, na makazi kama Nakivale hutoa kiwanja. Ni jambo la kuandikwa, na magazeti ya Ulaya yaliliandika sana hasa miaka ile Ulaya yenyewe ilipokuwa ikifunga mipaka. Tatizo ni kwamba wengi waliwasili na kichwa cha habari mfukoni. Kisha angalia siku ya mwandishi inavyokwenda. Anahitaji kibali cha OPM, Ofisi ya Waziri Mkuu, ndipo aingie. Anafika saa tano asubuhi. Anapewa mkalimani anayekaa humo humo, ambaye kesho atakutana na komandanti wa makazi njiani na keshokutwa ana mahojiano ya kesi yake mwenyewe. Mkalimani huyo akiulainisha ukali wa jirani yake, simlaumu. Wapo pia wanaofanya kinyume, wakiongeza machozi kwa sababu wamejifunza kwamba mgeni hufungua daftari akisikia machozi. Mwandishi bora hasemi uongo kwamba alikuwa peke yake. Anaandika: nilikwenda na afisa, nilitafsiriwa na mtu fulani, huyu alikataa kuongea mbele yetu. Sentensi ya namna hiyo ni ya thamani kuliko picha tano za machweo kwenye Ziwa Nakivale. Nikiikuta huendelea kusoma, hata kama sikubaliani na makala.

Somo gumu kuliko yote ni la Julai 14 na 15, 2010. Katika siku hizo mbili Wanyarwanda zaidi ya 1,700 waliondolewa Nakivale na makazi mengine ya Kyaka II na kupelekwa Rwanda. Chukua taarifa za wakati ule uzilaze pamoja. Upande wa serikali, walikuwa watu waliokataliwa hifadhi na walirejeshwa kwao. Upande wa UNHCR, polisi wenye silaha waliwazingira watu waliokuwa wamekusanyika, wakawapandisha malori kwa mtutu wa bunduki. Miongoni mwao walikuwamo wakimbizi waliotambuliwa rasmi, na wanaume wawili walikufa baada ya kuruka kutoka kwenye malori. Ni tukio moja. Tofauti haiko kwenye tarehe wala idadi, ambazo ndizo semina ingetutuma kukagua. Iko kwenye nani ametenda. "Walirejeshwa" haina mtendaji. Lori linatokea lenyewe, mlango wake unajifunga wenyewe. Ukiona habari yenye watendwaji wengi na mtendaji hayupo, iandike upya kwa kalamu yako: nani alimwita nani, nani alishika bunduki, nani aliendesha. Mahali utakapokosa jina, ndipo mwandishi aliposhindwa au alipozuiwa.

Kisha rudi kwenye lile swali langu. Waliokuwa kwenye malori walikuwa na nafasi gani ya kujibu? Walikuwa wamekwishavushwa mpaka. Aliyetaka kuwasikia ilimbidi awafuate Rwanda, na taarifa iliyokamilika bila wao ni ya upande mmoja hata ikiwa imenukuu ofisi tatu. Athari yake bado ipo. Kipaza sauti kikipita na kuwataka watu wakusanyike, wapo Wanyarwanda wa zamani wanaouliza kwanza kuna malori mangapi. Mgeni ataandika kwamba wakimbizi wanaamini uvumi. Mimi naona ni watu wanaopima chanzo kwa rekodi yake.

Namba nitazigusa kwa mfano mmoja. Mpaka mwanzoni mwa 2018 kila gazeti, la Kampala na la nje, liliandika kwamba Uganda ina wakimbizi milioni 1.4. Yakaja madai ya udanganyifu, maafisa wakasimamishwa kazi, watu wakahesabiwa upya kwa alama za vidole na mboni za macho, na Oktoba mwaka huo hesabu ikatua kwenye milioni 1.1 hivi. Tofauti ya laki tatu ilikuwa imepita mikononi mwa wahariri wote hao. Walinukuu ofisi iliyokuwa na haki ya kuhesabu, wakadhani kazi imeisha. Nikisoma idadi sasa natafuta kitu kimoja kidogo: mwandishi amesema watu walihesabiwaje? Akisema, hata kwa maneno manne, nampa alama.

Limebaki jambo ambalo Mbarara haipendi kulisikia, vipindi vya kulipiwa. Shirika linanunua nusu saa redioni, linaleta mgeni wake, na mtangazaji anauliza maswali aliyoandikiwa. Si dhambi. Wakati wa chanjo, kipindi kama hicho kinaokoa maisha. Lakini sikiliza kama mwanzoni wametaja aliyelipa, na sikiliza sana simu zikifunguliwa. Mei 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilipokosa fedha na kuwaondoa karibu wakimbizi milioni moja wa Uganda kwenye mgao wa chakula, swali la kila nyumba lilikuwa moja: nani amebaki kwenye orodha, na kwa kigezo gani. Kipindi kinachozungumzia wakimbizi wakati kama huo, kisha kikamaliza nusu saa bila swali hilo kupenya, utajua kimetengenezwa kwa ajili ya nani.

Njia ya kukijaribu ni rahisi na gharama yake ni airtime kidogo. Piga. Kama unakijua Kinyankore, uliza kwa Kinyankore. Kama hukijui, uliza kwa Kiswahili, Mbarara wanaelewa zaidi ya wanavyokiri. Sema unapiga kutoka Nakivale, uliza swali lako, na usubiri. Mtangazaji akikuacha umalize sentensi, na akamgeukia mgeni wake kwa jibu, andika jina la kipindi na saa yake ukutani, uwaambie majirani.