Dhana ya Uvumbuzi katika Taaluma: Uhakiki kutoka Masisi na Walikale

1.0 Utangulizi

Katika utangulizi wa tasnifu nyingi zinazowasilishwa katika idara zetu, mwandishi hudai ama kwamba amevumbua jambo, ama kwamba anaingia katika uwanja ambao haujavumbuliwa bado. Mwanajiolojia, mwanabaiolojia, mwanahistoria na mwanaisimu hulitoa dai hilo kwa maneno yale yale, kana kwamba wote hufanya kazi ya namna moja. Makala hii inakusudia kuihakiki dhana hiyo. Hatutaishughulikia hewani, bali katika eneo moja ambalo taaluma hizo zote zimelipitia, yaani wilaya za Masisi na Walikale, katika mkoa wa Kivu ya Kaskazini.

Uteuzi wa eneo hili si wa kubahatisha. Masisi ni nchi ya milima na malisho. Walikale, iliyo magharibi yake, ni nchi ya msitu, nayo ndiyo wilaya kubwa kuliko zote za mkoa. Kwa zaidi ya miaka 100 watu wamefika huko kutafuta njia, wanyama, madini, ardhi, lugha na hadithi. Hoja yetu ni kwamba katika kila taaluma kati ya hizo kilichoitwa uvumbuzi kilianza kwa mwenyeji kumwambia mgeni jambo. Kwa hiyo thamani ya uvumbuzi haiwezi kupimwa kwa nani alitangulia kufika. Inapimwa kwa nani alitajwa, na kwa nini kilirudi kwake.

2.0 Neno lenyewe

Kiswahili kina maneno kadhaa katika uwanja huu wa maana, nayo hayalingani. Kupeleleza ni kwenda mbele ya wenzako kuangalia, mara nyingi kwa siri. Ni kazi ya askari. Kuchungua ni kutazama jambo kwa makini hadi ndani. Ndilo neno lililochaguliwa mwaka 1970 kwa jina la Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mjini Dar es Salaam, kabla "utafiti" halijatawala kama lilivyotawala leo. Kugundua ni kutambua jambo ambalo lilikuwapo ila hukuling'amua.

Kuvumbua kuna jambo la ziada. Kitenzi hiki kina jozi yake, -vumbika, yaani kufukia kitu katika udongo au majivu. Uhusiano wao ni ule ule wa -fukia na -fukua, -ziba na -zibua. Sarufi yenyewe basi inatueleza kwamba kinachovumbuliwa kilikuwa kimevumbikwa, na kitu hakijivumbiki chenyewe. Kuna mkono uliokifukia au kukihifadhi kabla ya mkono unaokifukua. Tunapoandika kwamba fulani "alivumbua", tunautaja mkono wa pili na kuunyamazia wa kwanza. Sehemu inayofuata inautafuta mkono huo wa kwanza katika taaluma nne.

3.0 Uvumbuzi katika taaluma nne

3.1 Jiografia

Mwaka 1894 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen, aliyeanza safari yake Pangani, alipita Rwanda, akapanda volkano ya Nyiragongo, kisha akakata msitu kuelekea magharibi kwa kufuata bonde la mto Lowa hadi mto Kongo. Kitabu chake kilichapishwa Berlin mwaka 1895, na ramani yake ikaingia katika historia ya jiografia. Safari hiyo ilibebwa na wapagazi na askari waliotoka pwani na bara ya Afrika Mashariki, na lugha ya msafara ilikuwa Kiswahili. Kwa upande wa magharibi, wafanyabiashara Waswahili wa Maniema walikuwa wamezifungua njia za pembe za ndovu tangu miaka ya 1860 na 1870, na Livingstone, Cameron na Stanley walizifuata kabla ya Götzen. Ramani ilichorwa kwa Kijerumani kutokana na majibu ya maswali yaliyoulizwa kwa Kiswahili na kujibiwa na watu waliozijua njia. Wajibuji hao hawakuwekwa kwenye jalada.

3.2 Baiolojia

Mfano wa tausi wa Kongo unafundisha zaidi, kwa sababu uvumbuzi wake ulitokea kabatini. Mwaka 1913 Mmarekani James Chapin alipata unyoya mmoja huko Ituri, uliopamba kofia ya mwenyeji, wala hakuweza kuutambua. Mwaka 1936 aliona ndege wawili waliokaushwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, wakiwa wameandikwa jina lisilo lao. Akaukumbuka unyoya ule, na ndege huyo akapewa jina la kisayansi Afropavo congensis. Ndege huyo anaishi pia katika misitu ya upande wa Walikale, na wawindaji wa misitu hiyo hawakuhitaji kuusubiri mwaka 1936 ili wamjue.

Hapa msomaji anaweza kupinga, na pingamizi lake lina uzito. Mwindaji alimjua ndege, atasema, lakini hakujua kwamba jamaa zake wa karibu wako Asia. Chapin ndiye aliyeunganisha. Tunakubali. Kuunganisha ni kazi halisi ya kitaalamu, na anayeifanya anastahili heshima yake. Lakini kukubali huko kunaitia nguvu hoja yetu: kazi ya mtaalamu ni kuunganisha maarifa, nayo maarifa yana wenyewe. Sokwe mkubwa wa milima na misitu hii amebeba katika sayansi jina la Rudolf Grauer, tangu Paul Matschie alipomwelezea mwaka 1914. Wale waliomwongoza mgeni hadi walipo wanyama hawana jina hata katika tanbihi.

3.3 Taaluma ya ardhi

Hadi hapa kosa linaweza kuonekana kuwa ni la adabu tu. Katika suala la ardhi ni kosa lililogharimu maisha. Amri ya Dola Huru ya Kongo ya tarehe 1 Julai 1885 ilitangaza kwamba ardhi zilizo "tupu" ni mali ya dola. Baadaye, mwaka 1928, iliundwa Kamati ya Taifa ya Kivu ili kusimamia ugawaji wa ardhi kwa walowezi. Kuanzia mwaka 1937 utawala wa Kibelgiji ulipanga kuwahamishia Masisi watu kutoka Rwanda, hasa sehemu za Gishari, ambako waliundiwa uchifu wao. Uchifu huo ulifutwa mwaka 1957.

Neno "tupu" lilikuwa tokeo la uchunguzi: mtu alikwenda, akatazama, akaandika. Lakini aliyeandika hakuona nyumba wala mashamba, akahitimisha kwamba hakuna mwenyewe. Kwa mwenyeji, mlima usiolimwa ulikuwa wa kuwindia, wa kulazia ardhi, au wa kurithiwa, na chifu aliujua mpaka wake. Waliohamishwa hawakuliandika neno lile, na wengi wao hawakuulizwa kama wanataka kuhama. Wao na waliowakuta waliachiwa kuishi ndani ya sentensi iliyoandikwa na mtu wa tatu. Mapigano yaliyozuka Machi 1993 huko Ntoto, katika wilaya ya Walikale, na kuenea Masisi, yana sababu nyingi, za kisiasa zaidi ya za kitaaluma. Hata hivyo hakuna atakayeisoma historia ya mapigano hayo bila kurudi kwenye neno hilo moja.

3.4 Isimu

Taaluma yetu haina kinga. Katika uainishaji wa Malcolm Guthrie, Kihunde cha Masisi ni D51 na Kinyanga cha Walikale ni D43. Baadaye Meeussen na wenzake wa Tervuren walipopendekeza kanda J, Kihunde kiliingizwa humo na Kinyanga kikabaki D. Kwa hiyo mpaka wa kanda mbili kubwa za lugha za Kibantu unapita, kwenye karatasi, mahali ambapo milima inashuka kuingia msituni. Mpaka huo una manufaa kwa mpangaji wa maktaba. Lakini mwanafunzi akiuchukua kuwa ukuta, atashindwa kuwaeleza wasemaji wanaooana, wanaouziana na wanaosikilizana kutoka upande huu hadi upande ule.

Mfano mwema upo pia. Kamusi ya Kitembo ya Mjapani Shigeki Kaji, iliyochapishwa Tokyo katikati ya miaka ya 1980, imeweka Kiswahili cha Zaire bega kwa bega na Kijapani na Kifaransa. Mwaka 1992 alichapisha pia msamiati wa Kihunde. Safu ile ya Kiswahili haikuwa pambo. Inaonyesha lugha ambayo kwayo kazi inaweza kusomwa na kusahihishwa na jirani wa msemaji, hata kama hajui Kifaransa.

4.0 Utendi wa Mwindo kama kipimo

Mwaka 1956, katika kijiji cha Bese cha Wanyanga, mtambaji aitwaye She-karisi Candi Rureke alisimulia kwa siku 12 utendi wa Mwindo mbele ya Mbelgiji Daniel Biebuyck na wasaidizi wake wa Kinyanga. Utendi huo ulichapishwa Marekani mwaka 1969, katika Kinyanga na Kiingereza, ukihaririwa na Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, mwanaisimu Mnyanga ambaye baadaye aliiongoza ofisi ya lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Kampala.

Tukiipima kazi hiyo kwa vigezo vyetu, inaipita mifano yote iliyotangulia. Mtambaji ametajwa kwa jina, kijiji chake kimetajwa, maneno yake yapo katika lugha yake, na mwana wa lugha hiyo ameshika kalamu kama mhariri. Matunda ya uaminifu huo yalionekana mapema. Mwaka 1970 Ruth Finnegan aliandika kwamba utendi si fani ya kawaida katika Afrika kusini mwa Sahara. Katika mjadala mrefu uliofuata, ambamo Mugyabuso Mulokozi alikuwa miongoni mwa waliompinga, maneno ya Rureke yalikuwapo tayari, yakisubiri kusomwa. Finnegan alikuwa na kipimo cha beti, na anayetafuta beti haoni kisichokuja kwa beti.

Lakini utendi wenyewe unasema zaidi ya wahariri wake, kwani Mwindo naye ni msafiri wa nchi zisizojulikana. Anamfuata baba yake, Shemwindo, hadi chini ya ardhi, katika himaya ya Muisa. Huko hashindi kwa nguvu peke yake. Kahindo, binti wa Muisa, aliye mgonjwa wa buba, anamfundisha asikubali kiti, pombe wala chakula atakachopewa na baba yake. Aidha, kabla ya kushuka Mwindo anamwachia shangazi yake, Iyangura, ncha ya kamba: kamba ikitulia, ajue kwamba amekufa. Mwishoni, baada ya kumwua joka Kirimu, anachukuliwa juu angani na Nkuba, yaani Radi, anafunzwa kwa mateso kwa muda wa mwaka mmoja, kisha anarudi kijijini na miiko mipya.

Tukiyatazama matukio haya kwa jicho la mhakiki, tunapata nadharia ya uvumbuzi yenye masharti matatu. Msafiri ana mwalimu huko aendako, na utendi unamtaja mwalimu huyo kwa jina. Msafiri amefungwa kwa kamba na watu wa nyumbani, nao wana haki ya kujua kama safari bado ina uhai. Tatu, safari haijakamilika mpaka arudi na jambo linalobadili mwenendo wa wale aliowaacha, kuanzia mwenendo wake mwenyewe. Götzen hakuwa na kamba Masisi wala Walikale. Alitokea upande wa pili, akaenda zake. Aliyeandika "tupu" hakuwa na Kahindo, au alikuwa naye asimsikilize.

Kwa sharti la tatu hata toleo la 1969 halijafika mwisho. Kiingereza kiliwafikisha Wanyanga kwa wasomi wa Marekani na Ulaya, lakini lugha inayosomwa na wengi kutoka Walikale hadi Goma, Bukavu na Kisangani ni Kiswahili. Toleo la Kiswahili lililofasiriwa moja kwa moja kutoka Kinyanga, pamoja na maelezo ya kitaalamu, lingempa msomaji wa Kivu nafasi ya kumsahihisha mhariri. Kazi hiyo ni ya idara kama zetu.

5.0 Hitimisho

Leo maeneo haya yanapelelezwa kuliko wakati wowote. Kasiteriti ya Bisie, huko Walikale, ilianza kuchimbwa kwa mikono mnamo mwaka 2002, kabla kampuni kubwa haijaanza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2019. Koltani ya Rubaya, huko Masisi, inajulikana na viwanda vya mabara yote. M23 waliitwaa Rubaya mwaka 2024, na mwaka 2025 waliingia Walikale-kati kisha wakaondoka baada ya majuma machache. Katika hali kama hiyo watafiti wengi hulisoma eneo kutoka mbali, kwa picha za satelaiti na kwa simu. Hatuwalaumu kwa kuogopa risasi. Lakini picha ya satelaiti, kama ile amri ya mwaka 1885, huonyesha penye miti na pasipo nyumba, wala haionyeshi mwenyewe ni nani. Neno "tupu" linaweza kuandikwa tena, safari hii kwa rangi.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo mawili yasiyohitaji fedha nyingi. Kwanza, kila tasnifu inayodai uvumbuzi itaje kwa jina, kwa ridhaa yao na pale usalama wao unaporuhusu, watu waliomwonyesha mtafiti njia, neno au mti. Nayo iwataje katika matini, si katika shukrani peke yake. Pili, kila tasnifu inayohusu eneo hili iambatane na muhtasari wa Kiswahili wa kurasa chache, unaoweza kusomwa kwa sauti mbele ya wale waliohojiwa, ili waseme wapi mtafiti amekosea. Mwanafunzi atakayeona kwamba sharti la pili ni gumu ajiulize anaogopa nini. Mtafiti ambaye matokeo yake hayawezi kusomwa Bese au Ntoto bila kumtia aibu amepeleleza tu.