Ufundi wa Ndoo Moja

Juni ikiingia, mikorosho ya Masasi na Newala huanza kuchanua, na mashine za kupulizia salfa hunguruma kabla jua halijachomoza. Alfajiri ndiyo saa yake: upepo umetulia, na umande ulioko kwenye majani husaidia kuushika unga. Bila salfa, ugonjwa wa ubwiriunga hukausha maua na korosho hazitungi. Lakini unga ule wa manjano haukomei shambani. Hurudi na mpulizaji kwenye kola na pindo za suruali, hupenya madirishani, hutua juu ya kabati, kwenye chandarua na kwenye mto wa mtoto. Mpulizaji akishaweka mashine chini, mwenye nyumba ndipo anapoanza kazi.

Na kazi hiyo, hasa Newala, hufanywa kwa maji ya kuhesabu. Mji uko juu ya uwanda wa Makonde, penye udongo wa kichanga unaoyanywa maji ya mvua yakapotelea chini kabisa. Karl Weule, mtafiti Mjerumani aliyefika huko mwaka 1906, aliwakuta watu wakiteremka bondeni kuchota maji na kupanda nayo kilimani. Miaka ya 1950 ulianzishwa mradi wa kuyasukuma maji kwa pampu hadi juu, na leo visima vya Mitema vinahudumia vijiji na miji ya uwandani. Hata hivyo, nyumba nyingi bado zinategemea tangi lililochimbwa uani, linalojazwa na mvua inayotiririka kutoka kwenye bati. Tangi hilo likijaa masika, hutegemewa hadi mvua nyingine.

Dhiki hiyo imezaa ufundi.

Fundi wa usafi haanzi na sakafu. Kwanza humtoa nje mwenye pumu, akaenda kukaa kwa jirani. Hufungua madirisha, hujifunga kitambaa puani, kisha huanzia juu: kwenye kenchi, kwenye utando wa buibui, juu ya kabati. Kila mahali hupitisha tambara lililoloweshwa na kukamuliwa mpaka halidondoshi tone. Tambara kavu huhamisha vumbi tu, likitoka kabatini linarudi kitandani; bichi hulinasa. Likichafuka, hulisuuza kwenye beseni dogo, siyo kwenye ndoo yenyewe, ili maji ya ndoo yabaki safi hadi chumba cha mwisho. Sakafu huja baada ya yote. Ikiwa ya udongo, huinyunyizia maji kwa vidole na kuifagia taratibu, ufagio ukilala, kutoka pembe ya ndani kuelekea mlangoni. Ikiwa ya saruji, hungoja vumbi litue, ndipo apige deki. Maji yaliyobaki, meusi kama wino, humwagwa kwenye shina la mpapai.

Sayansi iko upande wake. Mwaka 1964, Reindert Voorhorst na Frits Spieksma wa Leiden, Uholanzi, walionyesha kwamba kinachowasumbua wengi wenye mzio wa vumbi la nyumbani ni utitiri, kidudu cha takriban theluthi moja ya milimita kinachokula magamba ya ngozi yanayotupukutika usiku. Kidudu hiki hakinywi maji. Hufyonza unyevu hewani. Kinachochochea mzio zaidi ni kinyesi chake. Kinyesi hicho hutulia haraka chumba kikiwa kimya, na hurushwa tena mtu anapofagia kavu au anapokung'uta shuka ndani.

Ndiyo maana godoro hutolewa nje. Jua kali la kiangazi hukausha na kuua utitiri, lakini halikiondoi kinyesi chake. Kwa hiyo godoro likishapata joto, husimamishwa ubavu mbali na mlango, upande upepo unakokwenda, likachapwa kwa fimbo pande zote mbili. Shuka na foronya hutaka maji ya moto, nyuzi 60 hivi, yasiyovumilika mkononi. Kwenye uhaba wa maji, basi, zifuliwe hizo kwanza, mapazia yangoje.

Masika huja na adui mwingine. Kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili hewa hujaa unyevu, utitiri hustawi na kuvu hujitokeza nyuma ya masanduku. Hapo wingi wa maji unaweza kuwa hasara. Masasi, mji unaopata maji kutoka Mbwinji, sakafu ikimwagiwa ndoo tatu na kuachwa na madimbwi chini ya kitanda hung'aa asubuhi na kunuka uvundo jioni. Tambara lililokamuliwa la Newala linafaa hata penye bomba. Kitanda kisigusane na ukuta, hewa ipite.

Salfa ina masharti yake. Haileti mzio kama utitiri. Huwasha macho, pua na koo, lakini kwa mwenye pumu mwasho huo unatosha kubana kifua. Nguo za shambani huvuliwa nje na kufuliwa peke yake, na baba huoga kabla ya kumbeba mtoto. Unga uliofagiliwa hauendi jikoni kamwe. Salfa ikiungua hutoa moshi mkali unaokaba koo, na mgonjwa wa pumu ndiye wa kwanza kuusikia.

Usafi hautibu pumu. Mtoto anayetoa mluzi kifuani usiku, au anayekatika maneno kwa kukosa pumzi, hupelekwa hospitali ya Mkomaindo, ya Ndanda au ya wilaya ya Newala. Lakini hata dawa ya kuvuta ikipatikana, yapo maswali ya kujibiwa nyumbani: mtoto analalia nini, chumba kinafagiliwaje, magunia ya salfa yanawekwa wapi. La mwisho ni la baba kulijibu, na jibu lake ni banda la nje lenye kufuli, siyo uvunguni mwa kitanda.