Ile picha ya "kabla" siiamini

Dada yangu wa Muheza kanitumia picha mbili kwa WhatsApp. Ya kwanza, meno ya mtoto yana madoa meupe kama chaki. Ya pili, safi kabisa. "Mdogo wangu, wanasema hawachongi jino. Na huyu wangu si afanyiwe?" Mpwa ana miaka 9, siku hizi anacheka kaziba mdomo.

Tiba yenyewe ni ya kweli, tena naipenda. Kampuni ya DMG ya Hamburg, Ujerumani, ilianza kuiuza mwaka 2009 kwa jina Icon. Doa jeupe ni enameli yenye vitundu vidogo mno. Enameli hupinda mwanga kwa kipimo cha 1.62, maji 1.33, hewa 1.00. Tofauti hizo ndizo zinazotawanya mwanga, nasi tunaona weupe. Daktari anapaka asidi dakika 2, anakausha kwa spiriti, kisha resini inajipenyeza kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi wa koroboi. Resini ina kama 1.5, karibu na enameli, basi doa linafifia. (Hiyo "hawachongi" nayo ina walakini: asidi inakula tabaka jembamba la juu, na halirudi.)

Sasa rudi kwenye namba. Mtoto akiachama dakika kadhaa, jino linakauka, hewa inachukua nafasi ya maji, doa lilelile linazidi kuwa jeupe. Ukipiga picha ya "kabla" hapo, na ya "baada" jino likiwa limelowa mate, sehemu ya muujiza ni mate tu! Picha ya haki ni zote mbili jino likiwa limelowa, kwa taa ileile.

Halafu picha hizo zimechagua doa rahisi. Mtoto aliyekulia Maji ya Chai, kule Arumeru, kwenye maji yenye floraidi nyingi, mara nyingi ana madoa ya kahawia. Hayo resini peke yake haiyaondoi. Husuguliwa au kung'arishwa kwanza, na yaliyozama sana hubaki.

Nimemwambia dada, kabla hajalipa chochote, amwombe daktari alipake doa spiriti tu. Likififia, resini ina nafasi. Lisipofifia, asitarajie makubwa. Pia aulize doa limetokana na nini, maana jeupe la karibu na ufizi laweza kuwa jino linaloanza kuoza.

Kajibu: "Hiyo ya spiriti nitamuuliza."